Namba Yake Niliiweka Mimi



Leo sitaanza na CCM. Najua wengi mkifungua ukurasa huu mnatafuta tumemchana nani wiki hii. Safari hii naanza na sisi wenyewe, halafu nitafika kwa serikali, maana huko nako kuna mengi ya kusema.

Kuna dada yetu mmoja aliwahi kuchukua fomu ndani ya chama, akaomba kugombea udiwani katika kata mojawapo ya Ilemela. Jina lake siandiki, kata siandiki, mwaka siandiki. Hilo ndilo sharti alilonipa nilipomwomba ruhusa ya kuandika. Sharti la pili lilikuwa hili: "Usiandike kwamba nilishindwa, mdogo wangu. Andika kwamba nilichoshwa."

Wiki ya kwanza zilianza simu za usiku. Saa saba, saa nane, saa tisa. Akipokea, mtu anapumua tu, halafu anakata. Wiki ya pili namba yake ikawekwa kwenye makundi ya watu wanaotafuta wanawake, pamoja na picha iliyokatwa kutoka kwenye picha ya mkutano wetu wa ndani. Wanaume asiowajua wakaanza kumuuliza bei. Wengine walimtaja mtaa anaoishi. Wiki ya tatu akapanda kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema kumjulia hali mama yake. Hata hawajafika ng'ambo, ujumbe ukaingia: picha yake mwenyewe, amekaa kwenye benchi la kivuko, kanga ya njano begani, mfuko wa mikate mapajani. Chini ya picha maneno manne tu: "Msalimie mama yako huko."

Ujumbe ule ndio uliomtoa kwenye kinyang'anyiro. Matusi alishayazoea, na mwanamke yeyote anayesimama jukwaani huku kwetu anayazoea kabla hata hajajua kushika kipaza sauti. Kilichomtoa ni kujua kwamba mtu yuko hatua kumi nyuma yake, anamwona, na anajua mama yake anakaa wapi. Alirudisha fomu bila kuijaza, akabadilisha laini, na kwa miezi hakukanyaga ofisi ya chama.

Sisi tulifanya nini? Tuliandika. Tulitangaza kwa herufi kubwa kwamba vyombo vya dola vinamfuatilia mgombea wetu mtarajiwa. Ilikuwa habari tamu na ilisambaa. Baada ya nusu mwaka, kijana mmoja akanifuata Makoroboi, akaniambia hapati usingizi. Yeye alikuwa kwenye kundi dogo la wapambe wa mshindani wa dada ndani ya chama hichohicho. Akanionyesha ile picha ya kivukoni, nzima, kabla haijakatwa pembeni. Ilitumwa mle kwanza, watu wakacheka, mmoja akasema "mtumieni na yeye." Aliyeipiga alikuwa kijana wetu. Anavaa kombati yetu na anaimba nyimbo zetu.

Na namba ya dada, na mtaa wake, walivitoa wapi? Kwenye orodha ya watia nia. Majina, namba za simu, mitaa, hadi namba za NIDA, yote kwenye faili moja, kwenye kundi la WhatsApp la vijana lenye watu zaidi ya 200. Faili lile niliweka mimi. Nilikuwa admini, nilikuwa na haraka, nikaona nirahisishe kazi ya uhamasishaji.

Ndiyo maana naandika.

Kuandamwa ni nini, na kipi siyo kuandamwa

Tuanze na maana, maana bila hiyo kila mtu ataita kila kitu unyanyasaji.

Mtu akikutukana mara moja kwenye maoni ya Facebook, huyo ni mtukanaji. Kuandamwa mtandaoni ni jambo lenye alama tatu zikikaa pamoja. Kwanza, linarudiwa: leo, kesho, keshokutwa, kwa namba hii ikifungiwa anakuja na nyingine. Pili, linamlenga mtu mmoja kama mtu: mwili wake, nyumba yake, watoto wake, mapenzi yake. Tatu, lina nia au matokeo ya kumtia hofu, ajione hayuko salama hata akiwa kwake. Mwandamaji anaweza asitukane kabisa. "Msalimie mama yako huko" siyo tusi. Ukiipeleka mbele ya mtu asiyejua habari nzima, atakuuliza ubaya uko wapi.

Sasa na upande wa pili wa sarafu, hasa kwa sisi wa siasa. Diwani akiulizwa na watu 300 hela ya choo cha soko imekwenda wapi, hajaandamwa. Mbunge akichorwa katuni kila wiki, hajaandamwa. Waziri akikumbushwa ahadi yake kila siku mpaka akakasirika, hajaandamwa, huyo anadaiwa. Kumfuata kiongozi kwa kazi yake ya umma ni haki ya raia, iko kwenye ibara ya 18 ya Katiba. Kumfuata mtu yeyote, awe kiongozi au muuza dagaa wa Mwaloni, mpaka chumbani kwake, ni kuvunja ibara ya 16, ile inayolinda maisha binafsi, familia, maskani na mawasiliano ya mtu. Shikeni tofauti hiyo, kwa sababu huko mbele nitaonyesha jinsi watawala wanavyoichanganya kwa makusudi.

Wanatufikiaje

Watu wengi wakisikia "kufuatiliwa" wanafikiria mitambo mikubwa. Mara nyingi ni vitu vidogo kabisa.

Njia ya kwanza ni sisi wenyewe. Unapiga picha ukiwa bado umekaa palepale Capri Point, unaandika na jina la sehemu. Unaweka stetasi kila unapopanda basi. Unatuma lokesheni ya moja kwa moja kwenye kundi lenye watu nusu huwajui. Anayekutafuta hahitaji utaalamu, anahitaji bando tu.

Njia ya pili ni simu yako kushikwa na mtu mwingine kwa dakika mbili. WhatsApp inaruhusu kuunganishwa na kifaa kingine. Anayeshika simu yako ikiwa wazi anaweza kuiunganisha na kompyuta yake, na tangu hapo anasoma kila unachoandika. Akaunti ya Google nayo, ikifunguliwa kwenye simu ya mwingine, inaweza kumwonyesha picha zako na mahali simu yako ilipo. Wapenzi wa zamani ndio mabingwa wa njia hii. Na fundi simu asiye mwaminifu, yule unayemwachia simu asubuhi pamoja na namba ya siri, unarudi jioni.

Njia ya tatu ni laini yako. Mtu akifanikiwa kuirejesha laini yako kwenye kadi nyingine, ujumbe wa kuthibitisha wa kila akaunti unakwenda kwake. Au mtu anasajili laini kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, halafu anatukana watu kwa laini hiyo. Siku polisi wakija, wanakuja kwako.

Njia ya nne ndiyo ile mikubwa, na hapa sina budi kumtaja Tundu Lissu. Mnakumbuka Septemba 7, 2017, Dodoma, mchana kweupe, risasi 16 zikamwingia mwilini. Mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa tukio lile. Miaka saba baadaye, Septemba 2024, gazeti la Guardian la Uingereza likaripoti ushahidi uliotolewa kwenye baraza la kesi za ajira London. Michael Clifford, mchunguzi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo, alidai kwamba katika wiki zilizotangulia shambulio lile taarifa za simu za Lissu na mahali alipo zilikuwa zikipelekwa serikalini usiku na mchana, na kwamba yeye alifukuzwa kazi kwa sababu ya kulihoji jambo hilo. Yule ni shahidi na madai yake yalikuwa katika shauri lake la kazi, simfanyi hakimu. Lakini swali alilolileta haliondoki: mnara wa simu unajua ulipo kila dakika. Nani anaruhusiwa kuuliza mnara, kwa kibali cha nani, na nani anamkagua huyo aliyeuliza?

Kijana wa kivukoni na mnara wa simu wanafanya kazi moja. Tofauti ni ukubwa wa kamera.

Sheria zinasemaje

Tuna sheria, tena si moja. Namba za vifungu nazitaja kama sheria zilivyopitishwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015, haina kosa lenye jina la kuandama. Kilicho karibu zaidi ni kifungu cha 23: ni kosa kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumbughudhi au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 15 kinamgusa anayejifanya wewe kwenye mtandao. Kifungu cha 4 kinamgusa anayeingia kwenye simu au akaunti yako bila ruhusa. Kifungu cha 14 kinakataza kuchapisha ponografia, kwa hiyo anayekutishia kwamba atazianika picha zako za faragha, siku akizianika ametenda kosa lingine juu ya lile la kukutisha.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 118, inakataza ujumbe wa matusi, vitisho au uchafu unaotumwa kwa nia ya kumuudhi au kumtisha mtu. Kanuni ya Adhabu nayo ina kifungu cha 89 kuhusu vitisho na 138D kuhusu unyanyasaji wa kijinsia. Hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mtandao, lakini kosa ni kosa hata likipitia WhatsApp.

Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ambayo Rais aliizindua Aprili 2024. Hii inasema anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lile alilozikusanyia tu, azilinde, asizigawe ovyo. Ukikiuka, unaweza kushtakiwa kwenye Tume. Wengi wetu tukiisikia tunafikiria benki na kampuni za simu. Makamanda, chama kinachoandikisha wanachama kinakusanya taarifa za watu. Faili langu lenye namba za NIDA lilikuwa kosa la aina hiyohiyo tunayoipigia kelele serikali.

Sasa mapungufu. Kifungu cha 23 kinazungumzia kumtumia mtu mawasiliano. Yule aliyebandika namba ya dada kwenye makundi ya wanaume hakumtumia dada chochote. Alituma kwa wengine, na wengine ndio waliomsumbua. Wakili wa mshtakiwa atang'ang'ania hapo. Wenzetu wa Kenya, kwenye sheria yao ya 2018, kifungu cha 27, waliandika "moja kwa moja au kwa njia nyingine," na wakaongeza jambo la maana kuliko adhabu: mwathirika anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kumzuia mtu asimsogelee wala kumtafuta, hata kabla kesi haijaisha. Uganda, kwenye sheria yao ya 2011, wana kosa lenye jina hilo kabisa: kumbughudhi mtu kwa kurudia na kumtishia usalama wake au wa familia yake. Sisi hatuna amri ya kumzuia mtu kwenye sheria yetu ya mtandao. Dada wa Ilemela hakutaka mtu afungwe. Alitaka ujumbe ukome.

Na hata kilichopo hakitumiki inavyopaswa. Dada alikwenda kituo kimoja cha polisi, sikitaji. Aliambiwa: "Si umfungie tu huyo mtu?" Akaeleza kwamba amezifungia namba 11. Akaulizwa kwa nini anajishughulisha na siasa kama hataki kusumbuliwa. Akarudi nyumbani.

Kisu kilekile

Hapa ndipo nataka tuwe makini sana, maana ni rahisi kusema tu "serikali ilete sheria kali zaidi."

Mwaka 2017, Bob Chacha Wangwe alitiwa hatiani kwa kifungu cha 16 cha sheria hiihii ya mtandao, kile cha taarifa za uongo, kwa maoni aliyoandika Facebook kuhusu Zanzibar. Mahakama Kuu ikaja kuifuta hukumu hiyo 2019. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, akapelekwa mahakamani miaka na miaka, kiini cha ugomvi kikiwa ni kukataa kuwakabidhi polisi taarifa za wanaoandika kwenye jukwaa lake. Julai 2024, msanii Shadrack Chaula wa Rungwe alihukumiwa miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 5 baada ya video iliyomwonyesha akichoma picha ya Rais. Watu wakamchangia faini, akatoka, na Agosti akatekwa.

Linganisheni. Mwanamke mwenye namba 11 alizozifungia anaambiwa afungie na ya kumi na mbili. Kijana mwenye video moja ya kumkera mkubwa anapata polisi, mwendesha mashtaka na hakimu ndani ya siku chache. Sheria ni moja, mtandao ni mmoja. Kinachotofautiana ni nani ameumia.

Uganda wametuonyesha mwisho wa njia hiyo. Dk. Stella Nyanzi aliandika shairi Facebook la kumkejeli Rais Museveni. Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18 jela, na kosa alilotiwa nalo hatiani lilikuwa la kumbughudhi mtu mtandaoni. Yaani Rais mwenye jeshi, polisi na redio ya taifa alihesabiwa kuwa mwathirika anayehitaji kulindwa dhidi ya mhadhiri mwenye simu. Mahakama Kuu ilimwachia Februari 2020.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na naomba tuubebe kama jimbo. Tunataka sheria itamke wazi kosa la kumwandama mtu, lenye alama zile tatu: kurudiwa, kumlenga mtu, kumtia hofu kwa usalama wake. Tunataka mwathirika apate amri ya haraka ya mahakama ya kumzuia mwandamaji. Tunataka iandikwe humohumo kwamba kumkosoa, kumkejeli au kumhoji mwenye mamlaka kwa kazi yake siyo kuandama. Na tunataka taarifa za simu ya raia zisitolewe bila kibali cha hakimu, na atakayezitoa bila kibali awajibike kwa jina lake. Anayedai la kwanza bila la tatu anawatengenezea watawala kisu kipya. Anayedai la tatu bila la kwanza anawaacha dada zetu peke yao kivukoni.

Ufanye nini leo

Sheria zitachelewa. Simu yako iko mkononi sasa hivi, kwa hiyo tufanye haya pamoja.

Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma uifute. Ujumbe wa kitapeli uripoti kwenda 15040.

Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, tafuta vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua, iondoe hapohapo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke namba ya siri ambayo siyo mwaka wako wa kuzaliwa. Picha yako na muda uliokuwa hewani, acha vionekane na watu uliowahifadhi tu. Zuia watu usiowajua kukuingiza kwenye makundi.

Fungua akaunti yako ya Google, tazama simu gani zimeingia. Badili paswedi. Usitumie paswedi moja kila mahali, na aliyekuwa mpenzi wako akiwa anaijua, ichukulie kama imeshaibwa.

Ukimpelekea fundi simu kubadilisha kioo, toa laini na kadi ya kumbukumbu, kaa pale pale, usimpe namba ya siri. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Picha ya mahali weka ukishaondoka. Ukivuka daraja la Kigongo–Busisi, furahi, piga picha, iweke ukifika nyumbani.

Na wale wa VPN za bure, tangu X ilipofungiwa Mei 2025 tumejaa humo. Kumbukeni TCRA ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo kwenye sheria hamko mahali salama. Pia programu ya bure usiyoijua mwenyewe inaweza kuwa ndiyo inayosoma yako. Kukwepa jicho moja kwa kulala mbele ya jingine siyo usalama.

Ukishaanza kuandamwa, mambo ni mengine. Mwambie mara moja tu, kwa maandishi: "Sitaki unitafute tena." Baada ya hapo usijibu chochote, hata tusi. Usifute kitu. Piga skrinshoti inayoonyesha namba, tarehe na saa, na ujumbe wenyewe uache ulipo kwenye simu, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama hupima kama unaaminika, ulitunzwaje, haujachezewa. Nunua daftari. Andika kila tukio: siku, saa, wapi, nani alikuwepo. Daftari lile ndilo linalogeuza vitu 30 vinavyoonekana vidogo kuwa hadithi moja ambayo polisi hawezi kuicheka.

Kituoni usiende peke yako. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Omba lalamiko liandikwe na upewe namba ya RB, na utaje kifungu cha 23 kwa jina lake. Wakikataa, omba kumwona mkuu wa kituo, halafu ngazi ya wilaya. Wakitaka kubaki na simu, omba hati ya kuipokea, na zungumza kwanza na wakili, maana ndani ya simu hiyo kuna na mambo ya watu wengine. Hapa Mwanza lipo shirika la Kivulini, linalotetea haki za wanawake miaka yote hii. Kitaifa kuna LHRC na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu. Akiwa ni mtoto, piga 116, haina gharama.

Mwambie mtu mmoja nyumbani. Dada alikaa na hofu ile wiki tatu bila kusema kwa sababu aliogopa mume angesikia "wanaume wanakuuliza bei" halafu aanze kumuuliza yeye maswali. Mwandamaji anakula kwenye ukimya huo.

Na sisi, je?

Marekebisho ya sheria za vyama ya 2024 yanavitaka vyama kuwa na sera ya jinsia na ujumuishi. Sera ni karatasi. Nauliza vitu vya kushikika.

Nani ana orodha ya wanachama wa jimbo lako, na iko kwenye simu za watu wangapi? Kijana wetu akimdhalilisha mtia nia wa kike, anaitwa kwenye kamati ya maadili au anaitwa "mpambanaji"? Yule mama wa viti maalum wa chama tawala ambaye picha zake zilipita kwenye makundi yetu, ni nani kati yetu aliyesema "acheni"? Mimi sikusema. Nilicheka kwa kidole, nikaweka vile vikatuni vya machozi. Sikujua kwamba nilikuwa nawafundisha vijana wangu kazi watakayokuja kuifanya kwa dada yetu.

Faili lile nimelifuta. Kulifuta hakusaidii sana, maana limeshahifadhiwa kwenye simu nisizozijua, lakini kila mtu aliyekuwemo nimempigia mwenyewe kumwambia na kumwomba radhi. Watu 37. Simu ya mwisho ilikuwa ya dada. Kijana wa kivukoni tumempeleka kwenye kamati, na uanachama wake umesimamishwa. Wapo wazee walioona tumekuza mambo: "Tutabaki na nani uchaguzi ukifika?" Niliwajibu kwamba tulishabaki bila mtu. Kata ile tulisimamisha mgombea dhaifu, tukapigwa mchana kweupe, na hakuna aliyetuibia kura pale.

Kundi letu sasa halina orodha yoyote ndani yake. Anayehitaji namba ya mtu anamwomba katibu, katibu anamuuliza mwenye namba kwanza. Inachelewesha kazi, kweli. Tunachelewa.

Oktoba 29, 2025 walipotuzimia intaneti, tuliona jinsi nchi nzima inavyoweza kuwekwa gizani. Tulikasirika, na tuna haki ya kukasirika. Lakini kuna watu kati yetu wamekaa gizani muda mrefu zaidi ya hapo, wamezima simu zao wenyewe kwa kuogopa nani atatuma nini, na waliowazimia ni sisi.

Juzi dada alirudi kwenye kikao cha tawi. Alikaa nyuma karibu na mlango, simu kaiweka kwenye mkoba. Kikao kilipokwisha nikamuuliza kama atachukua fomu tena. Akaniangalia, akasema, "Kwanza nionyeshe mlivyobadilika. Halafu tutaongea."

Makamanda, ndiyo kazi tuliyopewa. Tuanze na *106#.